Nambari ya Buya na Tuneya

Ndera, mwezi 8 Mfungo Mosi, 1320

Kwa mdogo wangu Dhadho, aliye chuoni Kipini,

Salamu nyingi, na Idi iliyopita nakupa mkono. Sisi wazima. Mpunga umeinamisha vichwa na ndege wameanza wazimu wao, kwa hiyo kutwa nzima niko juu ya dungu ng'ambo ya mto, napiga makelele na kurusha mawe kwa teo mpaka sauti imekauka. Ukinisikia ukiwa mbali utadhani fahali amepotea.

Lakini sikuandikii habari za ndege. Nakuandikia kwa ajili ya mavyaa wangu, mama yake Buya. Unamjua Mama Mwanaarusi, zamani alikuwa akitaka kusema jambo hulizunguka. Sasa amechoka kuzunguka. Mwaka wa nne huu niko kwa mwanawe na hajapata mjukuu wa kumbeba. Amesema mbele ya mume wangu kwamba tulioana bila kutazamiwa hesabu ya majina, kwa sababu baba yetu alikataa, na mkosi wote umeanzia hapo. Anataka itazamwe sasa. Tena anataka uitazame wewe, kwa kuwa amesikia uko kwa mwalimu mwenye elimu ya nambari. Asema ndugu hawezi kumzulia nduguye.

Ikitoka mbaya watanirudisha kwa watu wangu. Binti wa kuja mahali pangu ameshatajwa, jina lake Hawa, na mama yake ameshaanza kuniamkia kwa huruma. Buya ni mume mwema, Dhadho, sina la kumsema, ila mbele ya mama yake anakuwa mdogo.

Mimi sijui kama majina yana habari za tumboni. Baba alisema hayana. Lakini nakuomba uniletee neno jema, moja tu, la kumfunga mdomo mama huyu. Kuna jambo jingine pia, ila hilo sitaliandika. Nitakwambia tukionana.

Majina unayo. Buya wa Mwanaarusi, na mimi wa Darmi.

Dada yako,
Tuneya


Kipini, mwezi 2 Mfungo Pili, 1320

Dada yangu Tuneya, fahali wa Ndera,

Barua yako imenichekesha na kunikera kwa pamoja. Mwambie mavyaa wako kazi ameipa mtu mwenyewe. Hapa kila siku baada ya darasa mimi nabaki na ubao wangu na nambari zangu, na wenzangu wananiita Bwana Baki, kwa sababu nikigawa kitu chochote huuliza kwanza kimebaki nini.

Sasa sikiliza. Unakumbuka baba alipotufundisha kusoma, sote wawili kwenye ubao mmoja, alituambia kila herufi ina idadi yake? Alifu moja, be mbili, mpaka mia na elfu. Basi nimeyaandika majina yenu herufi kwa herufi. Buya ni kumi na tisa. Mama yake ni mia nne na arobaini na nne! Nimecheka peke yangu kama mwehu. Sasa naelewa nani mwenye nyumba. Wewe ni mia nne sitini na saba, na mama yetu Darmi, Mungu amrehemu, ni mia mbili hamsini na nne.

Nikajumlisha Buya na mamake, ikawa 463. Nikakujumlisha wewe na mama yetu, ikawa 721. Watu wa hesabu hizi huiweka ya mume kuwa elfu, na ya mke ikaja nyuma yake. Nambari yenu basi ni hii: 463721. Laki nne, elfu sitini na tatu, mia saba na ishirini na moja. Itazame vizuri. Mimi nimeitazama siku nzima, na wallahi ni nambari nzuri.

Nimejaribu kuigawa. Kwa mbili ilikataa, kwa tatu ikakataa, kwa tano hata sikuhangaika. Saba, ambayo ni hesabu ya nyota, imebakisha sita. Kumi na moja imebakisha tano. Nikaenda kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, nikapanda mpaka thelathini na moja, na kila mara kuna baki. Nambari za namna hii ni chache, Tuneya, na kadiri zinavyokuwa kubwa ndivyo zinavyokuwa adimu. Hazikuzaliwa na nambari nyingine, wala hazina ndogo zilizojificha ndani yake. Sisi wanafunzi tunaziita tasa.

Kwa hiyo mwambie Mama Mwanaarusi, na umwambie kwa sauti, kwamba hesabu imetoka. Nambari yenu ni tasa. Nani tena atawagawa?

Ningekuandikia zaidi lakini yule mwenye mtumbwi, Wako, yuko bandarini, ananiita kwa matusi, asema maji hayanisubiri mimi na wino wangu.

Mdogo wako mpenzi,
Dhadho


Ndera, mwezi 27 Mfungo Pili, 1320

Kwa shemeji yetu Dhadho, salamu na heshima.

Haya ni maneno ya Buya. Mimi Mwalimu Bonaya ni mkono tu, nayaandika kama anavyoyasema.

Shemeji, barua yako imefika. Wako alimkabidhi mama, kwa kuwa Tuneya alikuwa shambani anaamia ndege, na mama akamwita Mwalimu aisome palepale, watu wakiwapo. Tumesikia yote. Majina umeyaweka sawa, hata jina la mama, na watu walicheka pale pa mia nne. Kisha tukasikia neno lenyewe.

Nimekaa na neno hilo siku nyingi kabla ya kukujibu. Angelisema mtu mwingine ningemtoa nyumbani kwangu. Mama alipokuwa akilisema nilikuwa nikitoka nje. Lakini umelisema wewe, ndugu yake wa tumbo moja, ambaye ulikuwa na kila sababu ya kulificha. Mama asema mtu aliyesema kweli juu ya dada yake ni mtu wa kushukuriwa. Basi nakushukuru. Nakushukuru na moyo unaniuma.

Tuneya aliichukua barua akaisoma mwenyewe, kisha akaikunja akairudisha kwa mama. Nilidhani atalia au atagomba.

Nakuomba unijibu jambo moja tu. Je, umeirudia hesabu? Una hakika ni tasa?

Shemeji yako,
Buya


Kipini, mwezi 15 Mfungo Tatu, 1320

Shemeji Buya!

Astaghafirullah, mmefanya nini huko? Nimeisoma barua yako mara ya kwanza sikuelewa, mara ya pili nikaketi chini.

Tasa ni nambari! Si dada yangu! Nambari! Mwambie Mwalimu Bonaya aichukue tena barua yangu ile asome polepole. Nimeandika nambari yenu ni tasa. Yenu, ya wote wawili, na wewe umo. Ni neno letu la chuoni. Nambari isiyogawika hatuna jina lake jingine, basi tukaiita hivyo, kwa mzaha, kwa kuwa haina ndogo ndani yake. Mimi nilikuwa naisifu. Nilikuwa nasema hakuna wa kuingia katikati yenu, si Hawa wala mtu mwingine. Mtoto mdogo wa chuo hapa angecheka akaelewa.

Ninyi hamkuwa chuoni, najua. Kosa ni langu kuleta maneno ya ubaoni nyumbani kwa watu. Nilikuwa na furaha, shemeji, nikasahau neno lile lina maana gani kwa mwanamke aliyekaa miaka minne.

Uliniuliza kama nina hakika. Juu ya nambari, ndiyo. Juu ya dada yangu sijui lolote, wala hesabu ya majina haijui, wala mtu yeyote hajui ila Mungu. Msimguse. Nakuomba kwa jina la baba yetu aliyekupa mkono wake, msimguse, na mwambie aniandikie kwa mkono wake.

Dhadho


Ndera, mwezi 9 Mfungo Nne, 1321

Shemeji,

Neno lako la pili tumelisikia. Mwalimu amelisoma mbele ya mama na wazee. Mama amesema mwezi ule ulisema tasa, na mwezi huu wasema tasa si tasa, na kila mtu anaona ni ndugu anayejaribu kufukia. Tena wewe mwenyewe umesema juu ya nambari una hakika.

Tuneya yuko Kulesa kwa shangazi yake Hawo, amekwenda kuwatazama watu wake. Sijamwandikia talaka. Mama alitaka na mimi nimekataa mpaka maji ya masika yapite.

Usinione mbaya.

Buya, kwa mkono wa Bonaya


Kulesa, mwezi 12 Mfungo Nne, 1321

Kwa Dhadho,

Nimetulia sasa naweza kuandika. Usihangaike kuniomba radhi, najua ulikuwa unacheza. Siku ile niliporudi kutoka shambani, teo bado iko mkononi, nilikuta watu wamejaa mlangoni na wanawake wakanipisha njia kama ninapeleka maiti. Mama Mwanaarusi akaniambia, "Ndugu yako amesema. Hesabu imesema tasa." Nikaichukua barua nikaisoma. Nilielewa, Dhadho. Mstari kwa mstari nilielewa, mpaka ule mzaha wa nani atawagawa. Lakini nani pale wa kumweleza? Nisimame mbele ya wale wanawake niseme kwamba tasa ni sifa? Wangecheka mpaka leo.

Sasa nitakuandikia lile ambalo sikutaka kuliandika.

Mimi si tasa. Nimeshika mimba mara mbili. Ya kwanza ilitoka mwezi wa tatu, ya pili ilikuwa imefika wa nne. Sikumwambia mtu, hata Buya. Unajua yanayosemwa juu ya mwanamke ambaye watoto hawakai, husemwa anawala mwenyewe. Niliona afadhali waseme Mungu hajanipa kuliko waseme hilo. Niliwazika wawili wale mwenyewe chini ya migomba yetu, nikarudi nikatwanga mpunga.

Nilipokuandikia kuomba neno jema nilikuwa tayari na wa tatu. Nilitaka unisaidie nipate utulivu mpaka nivuke ule mwezi ulionishinda, kisha nimwambie Buya kwa kinywa changu na tumbo likiwa linaonekana. Nimeuvuka, Dhadho. Anacheza. Ninapoandika hapa anapiga ubavu.

Na sasa ndio nimeingia shimoni. Watu wa Ndera wote wameambiwa mimi ni tasa, na aliyewaambia ni ndugu yangu, mtu wa elimu. Tasa nitazaa vipi? Wataniuliza ni wa nani. Mama Mwanaarusi atahesabu miezi, na atahesabu anavyotaka yeye. Atasema nilikuja Kulesa tupu nikapatia huku. Siku ya kuondoka nilifungua mdomo nimwambie Buya, nikaona mama yake ametutumbulia macho, nikajua nikisema sasa nitaonekana nimezua. Nikaufunga.

Naogopa. Sijaogopa hivi tangu mama afe. Mtoto huyu akizaliwa bila baba wakati baba yake yuko safari ya siku chache tu juu ya mto, sitamsamehe mtu.

Fanya unaloweza. Lakini mimi usiniandikie nambari tena.

Tuneya


Kipini, mwezi 3 Mfungo Tano, 1321

Kwa Buya, kwa mkono wa Mwalimu Bonaya, na Mwalimu namwomba asisome barua hii mbele ya watu. Amsomee Buya peke yake.

Shemeji, dada yangu ana mimba yako. Aliondoka nayo nyumbani kwako. Kwa nini hakusema ni habari yake yeye, muulize mwenyewe, na ukimuuliza muulize kwa upole.

Najua utakalosema. Utasema ndugu amepata hadithi ya tatu. Ningekuwa wewe ningesema hivyo pia. Kwa hiyo sikuombi uniamini.

Nilipopata barua ya Tuneya nilikwenda kwa mwalimu wangu, Mwalimu Mohamed. Hapo mwanzo sikukwambieni kwamba yeye alikataa kuitazama hesabu yenu. Aliniambia jina si tumbo, niache mambo hayo. Mimi nikaifanya kwa siri yangu, kwa kuwa nilipenda nambari yenyewe. Sasa nikamweleza yote. Hakunigombeza. Akaniuliza, "Uligawa mpaka wapi?" Nikasema mpaka thelathini na moja. Akauliza, "Na kwa nini ukaishia hapo?" Nikasema Wako alikuwa ananiita bandarini.

Akaniambia kwamba nambari haiitwi tasa mpaka umegawa na kugawa hadi unachopata kiwe kidogo kuliko unachogawia. Kwa nambari kubwa kama ile ilinipasa nifike mia sita na themanini hivi. Mimi nilisimama thelathini na moja nikatangaza.

Nikarudi chumbani nikaanza pale nilipoachia. Iliyofuata ilikuwa thelathini na saba.

Iligawika, Buya. Ile ya kwanza tu kuijaribu. Ningekaa kitako muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, nisingeliandika neno lile. Nimelia mbele ya ubao kama mtoto.

Nilichopata nikakigawa tena kikagawika kwa themanini na tatu, nikapata mia moja hamsini na moja. Nambari yenu ina wana watatu: 37, 83 na 151.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kuzitafuta hizi tatu ni kazi ya mtu kama mimi, na mtu kama mimi aweza kukosea, tena umeona. Lakini kuzihakikisha si kazi. Mtu yeyote anayejua kuzidisha ataziweka pamoja na kuona. Ama zitarudi 463721 ama hazitarudi, na mimi niliye Kipini sina mkono mrefu wa kuzisukuma. Mpe Mwalimu Bonaya ubao. Azidishe thelathini na saba kwa themanini na tatu, kisha kwa mia moja hamsini na moja. Mama akae pale atazame. Nikiwa nimedanganya, mwandikie dada yangu talaka siku hiyohiyo.

Mimi bado nasema majina hayajui ya tumboni. Lakini mlimtoa kwa nambari, na nambari ndiyo niliyo nayo.

Wako amesema mto umefurika na hapandi mpaka upungue. Nimemsihi mpaka amenionea haya. Barua hii itafika itakapofika.

Dhadho


Ndera, mwezi 20 Mfungo Sita, 1321

Shemeji Dhadho,

Barua imefika juzi, imelowa, lakini nambari zimesomeka. Habari ya mimba nimemwambia mama mimi mwenyewe.

Mwalimu alizidisha mara ya kwanza zikakataa. Mama akasema, si niliwaambia. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, nikasogea karibu na ubao. Mwalimu akafuta ubao akaanza upya, akaona alisahau kuhamisha mbili. Mara ya pili zikaja. Elfu tatu na sabini na moja, kisha laki nne, elfu sitini na tatu, mia saba na ishirini na moja. Nambari kwa nambari.

Mama alitazama ubao kwa muda. Hajui kusoma lakini aliweka kidole juu ya kila moja. Akasema, basi hesabu imekubali, mtoto ni wetu, kamlete.

Mtumbwi ninao. Maji yakishuka kidogo nakwenda Kulesa. Ubao naubeba, Mwalimu amenipa, ili Tuneya auone kwa macho yake.

Buya

Mimi Bonaya naongeza langu. Zile nambari nimezizidisha tena mara mbili peke yangu. Na lile neno la kwanza nililisoma kama lilivyoandikwa, Mungu ni shahidi. Kila asubuhi naliona karatasini na kila asubuhi liko vilevile.


Kulesa, mwezi 25 Mfungo Tisa, 1321

Kwa Dhadho, mdogo wangu,

Nimejifungua. Usiruke mistari kutafuta habari, tulia usome. Mimi mzima, mtoto mzima, ana sauti ya kuamia ndege.

Buya alikuja. Alifika mchana, matope mpaka magotini, leso mbili begani na ubao wa Mwalimu Bonaya ameufunga kwa kitambaa asipate maji. Hakunisalimu sawasawa. Alifungua kile kitambaa, akaniwekea ubao mapajani akasema, "Tazama, Tuneya. Zimekubali." Akanisimulia na jinsi zilivyokataa mara ya kwanza, anacheka na machozi yanamtoka. Nilikuwa nimemtamani mtu huyu miezi yote, Dhadho, nisikufiche. Shangazi Hawo aliinuka akatuacha.

Niliutazama ubao. Mwandiko wa Bonaya ni mzuri. Kisha nikamuuliza, "Na zingekataa?"

Hakuelewa. Nikamuuliza tena. "Mwalimu angesahau kuhamisha mbili mara ya pili pia. Ungekuja?"

Alitazama ubao kana kwamba jibu liko pale, na mimi nikangoja. Nilingoja kweli, nilitaka aseme ndiyo, hata kwa uongo. Hakusema. Nikamletea maji akanywa.

Yuko hapa bado. Amepewa pa kulala kwa jirani, na amelima kishamba cha shangazi chote bila kuombwa. Asubuhi huja kumtazama mtoto. Humshika vizuri. Siku moja aliniuliza kuhusu ile miaka minne, akauliza kwa upole, nadhani wewe ulimfundisha, na nikamwambia habari ya migomba. Alitoka nje akakaa huko mpaka jua likazama. Aliporudi alisema angeniamini kama ningemwambia. Nikasema labda. Hatujui, wala hakuna ubao wa kutuambia.

Mama Mwanaarusi ameleta salamu na kuku wawili. Anasema mjukuu wake arudi nyumbani kwa sababu hesabu imemkubali. Kuku nimewapokea. Kurudi sijasema nitarudi. Watu walewale walionipisha njia mlangoni watakuja kumpokea mwanangu kwa furaha, na si kwa sababu waliniamini mimi wala walimwamini Buya. Wameamini thelathini na saba. Hilo linaniuma kuliko lile neno lako la kwanza, na sijui nilifanyeje.

Nambari ina wana watatu, ulimwandikia. Buya alinisomea kama amekariri. Wawili wako chini ya migomba Ndera, na huyu hapa ananyonya. Sikutaka kuhesabu lakini kichwa kilihesabu chenyewe, nikamkumbatia mtoto mpaka akalia. Dhadho, sitaki kuishi hivyo. Sitaki kila nikishika mimba niulize ubao umebakisha nini.

Sina hasira na wewe. Nilikuwa nayo, imekwisha, imebaki kukukumbuka tu. Kaa kwenye elimu yako, unaipenda na inakupendeza. Lakini watu usiwagawe.

Mtoto ni msichana. Jina lake tumempa mimi na Buya, tumekaa wawili tukalichagua, na ni jambo la kwanza tulilolifanya bila kumuuliza mtu. Sitaliandika hapa. Nakujua wewe, ningeliandika ungekuwa umeshajumlisha herufi zake kabla hujafika kwenye sahihi yangu. Ukitaka kulijua, panda mtumbwi wa Wako uje umwite.

Dada yako,
Tuneya